Ramani na Amana

Sisi tuliokulia katika bonde la Rufiji, tangu Ngorongo hadi vijiji vya delta vilivyomo leo katika Wilaya ya Kibiti, tulifunzwa na mto kwamba ardhi haina ahadi. Shamba la baba huweza kuwa mkondo, na mkondo ukaja kuwa shamba la mwana. Ndiyo maana wazee walijenga madungu juu ya nguzo, wakaishi na mafuriko bila ya kuyashangaa. Lakini mto huchukua na kurudisha. Bahari inayokula pwani hairudishi.

Ng'ambo ya mlango wa bahari unaotazamana na delta, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, ulikuwapo mji wa Kisimani. Mtaalamu Neville Chittick, aliyechapisha taarifa ya uchimbaji wake huko mwaka 1961, alikuta mabaki tu. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imekwisha liwa na mawimbi.

Kusini zaidi, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimepata bahati nyingine. Magofu hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014. Wapimaji wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na baadaye shirika la CyArk la Marekani, wameyapima kwa miale ya leza. Chombo hutupa miale ukutani na kuipima inaporudi, na kutokana na mamilioni ya nukta hupatikana sura ya jengo zima, ufa kwa ufa. Kazi hiyo ikirudiwa baada ya miaka kadhaa, huonekana pwani imeliwa kiasi gani na ukuta upi utafikiwa kwanza.

Basi twajiuliza: je, kukipima kitu ni kukihifadhi? Mwenye picha ya marehemu mama yake hasemi kwamba mama yuko nyumbani. Twachelea kwamba sura hizo nzuri zitakuwa kibali cha uvivu, kwamba siku Gereza la Kilwa litakapoanguka tutasema, "Si neno, tunalo." Ramani ni shahidi, na shahidi aliyeona mwizi akija asipige kelele ana sehemu yake katika wizi. Wakazi wa Kilwa waliopanda mikoko upya ili kuvunja nguvu ya mawimbi ndio, kwa maoni yetu, waliosikia kelele hizo.

Hapa shauri huwa gumu. Katika delta yetu mikoko imefyekwa ili kulima mpunga. Nani atamwambia mwenye watoto wenye njaa aache shamba kwa ajili ya mawe ya masultani? Sisi hatuthubutu, mpaka kwanza aulizwe yeye ana nini kinachostahili kulindwa. Nacho kipo, ila si cha mawe. Ni makaburi ya udongo, mahali pa matambiko, na majina ya vijito ambayo hakuna mwale uwezao kuyasoma ukiwa angani. Hayo huandikwa na kijana aliyeketi na mzee ndani ya mtumbwi, daftari mapajani.

Mzee mmoja wa delta tulimwuliza makaburi ya babu zake yako wapi. Hakujibu kwa neno. Alinyoosha kidole, akatuonyesha maji.