Kihamba Kisicho na Jaa

Kila mwaka ifikapo Desemba, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari ya Wachaga waendao kwao kwa Krismasi na mwaka mpya. Huenda na zawadi na sifa za mjini. Hurudi na mikungu ya ndizi, na baadhi yao hurudi na fikira ambazo hawakuzitazamia.

Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo karani mmoja aliyekwenda na mkewe na watoto wao kwa baba yake mkubwa, juu ya Marangu. Siku ya kwanza binti yake wa miaka saba, alipokwisha kula ndizi mbivu, alisimama uani na ganda mkononi, akatazama huku na huku.

"Bibi, pipa la taka liko wapi?"

"Taka gani, mjukuu wangu?"

Mtoto akamwonyesha ganda. Bibi akacheka, akalichukua, akampelekea ng'ombe bandani. Kwake ganda lile halikuwa taka hata kidogo. Lilikuwa ni chakula ambacho hakijamfikia mlaji wake.

Kihamba ni shamba lizungukalo nyumba. Aghalabu halifiki hekta moja, na hata hivyo limelisha ukoo kwa vizazi vingi. Juu kabisa husimama miti mirefu itoayo kivuli, kuni na mbao; chini yake migomba; chini ya migomba mibuni; na chini ya mibuni maharage, magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikipanda miti kutafuta jua. Maji huletwa na mifereji waliyoichimba mababu kutoka mito ya mlimani, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mgomba peke yake ungetosha kuwa somo. Ndizi mbichi hupikwa mtori. Mbivu huchemshwa, zikachanganywa na ulezi, zikawa mbege. Majani mabichi hulishwa mifugo, makavu hutandazwa shambani kuhifadhi unyevu. Shina lililokwisha kutoa mkungu hukatwakatwa akapewa ng'ombe. Ng'ombe hutoa maziwa na samadi. Samadi hurudi mgombani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Wenyeji wa mlima hawakungoja cheti hicho ili wajue thamani ya samadi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Karani alipewa jembe kweli, akachukua samadi bandani mpaka mgongo ukamwuma, na katika kazi hiyo akaanza kujiuliza swali ambalo si jepesi. Je, watu hawa wana wema ambao yeye hana, au hawana tu nafasi ya kukosea? Asiyetupa kwa sababu hana cha kutupa hastahili sifa ya kujizuia, kama vile bubu asivyosifiwa kwa kutunza siri. Ikiwa uwekevu wa mlimani ni mtoto wa dhiki, basi utakufa siku dhiki itakapokufa, na kumtaka mtu wa mjini auige ni kumtaka aigize umaskini.

Jibu lilikuja siku ya sikukuu. Baba mkubwa, ambaye wiki nzima alikuwa akiokota kipande cha kamba na kukining'iniza ukutani, alichinja mbuzi wawili. Mbege ilijaa mapipa. Jirani aliyepita njiani aliitwa, na asiyemjua mtu yeyote alipewa kibuyu. Nyama iligawanywa kwa desturi, kila kiungo kikiwa na mwenyewe katika ukoo, hata waliokuwa mbali wakawekewa fungu lao. Bahili hafanyi hivyo. Bahili huzuia kitu kisimfikie mtu; mwekevu huzuia kitu kisipotee kabla hakijamfikia mtu. Mikono ya watu hawa wawili hufanana inapofumba, walakini hutofautiana sana inapofumbua.

Ni haki vilevile kusema yale ambayo sifa za wageni huyasahau. Kihamba hakijitoshelezi kwa kila kitu. Chumvi, sukari na sabuni hununuliwa dukani. Ada za shule zimelipwa miaka mingi kwa kahawa inyweyo na watu wa nchi za mbali, na siku hizi kwa fedha zitumwazo na makarani. Tena mzunguko ule unaopendeza macho hauzunguki wenyewe. Ng'ombe wa bandani hula majani yaliyokatwa, na mengi yamepanda kutoka tambarare vichwani na migongoni mwa wanawake. Mama mkubwa alipojinyoosha jioni, mkono kiunoni, karani aliona bei ya uzuri aliokuwa akiusifu tangu asubuhi. Na kihamba kilichogawanywa kwa wana, kisha kwa wana wa wana, hakiwezi tena kumlisha kila mtu. Yeye mwenyewe alikuwa karani kwa sababu hiyo.

Basi hakurudi na nia ya kuwa mkulima. Alirudi na jambo dogo zaidi, nalo lilimsumbua zaidi: hakujua vitu vyake huenda wapi. Mlimani neno kutupa lina mahali pake, na mahali hapo huonekana kutoka mlangoni. Mjini mtu hufunga mfuko, gari huuchukua, na mfuko hukoma kuwako kwa sababu tu haumo tena machoni pake, ingawa ukweli ni kwamba umehamia jaani Pugu, karibu na nyumba za watu wengine. Sheria iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019 ilibadili mfuko. Yaliyomo ndani yake hayakuguswa.

Mkewe, ambaye mlimani alisema machache na kutazama mengi, ndiye aliyeanza. Alimtafuta mfugaji wa mbuzi wa mtaa wa pili, wakapatana kuwa kila Jumamosi atapelekewa ndoo ya maganda na mabaki ya mboga. Wiki ya kwanza ndoo ilinuka, watoto wakagombana nani aibebe. Wiki ya pili ilifunikwa majivu, ikavumilika. Kwa kuwa sasa alikuwa akiona kwa macho yake ni chakula kiasi gani kinachotoka mezani bila kuliwa, mama huyo alipunguza kipimo cha wali, akaacha kununua mchicha wa siku tatu kwa mara moja.

Jumamosi ya sita mfugaji alibisha hodi mwenyewe, ndoo mkononi, akauliza kwa upole kama kuna kosa alilotenda, maana maganda yamekuwa machache sana.