Mwendo wa Kuazima: Uhalisi wa Mwili katika Michezo ya Video

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza iwapo mhusika anaaminika. Swali hilo sasa halina budi kuulizwa kuhusu mhusika anayeendeshwa kwa vidole vya mchezaji. Mwigizaji huvalishwa vazi lenye alama, kamera zikafuata alama hizo, na mwendo wake ukahamishiwa umbo la kuchorwa. Hudaiwa kwamba kadiri mwendo unavyokaribia uhalisi, ndivyo mchezaji anavyozama katika ulimwengu wa kubuni.

Dai hilo si la kupuuzwa. Katika Prince of Persia (1989), Jordan Mechner alimnasa kwa video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akanakili picha moja baada ya nyingine. Umbo lilikuwa dogo mno, uso wake nukta chache tu. Hata hivyo, uzito wa mwili ulihisika. Kwa upande mwingine, L.A. Noire (2011) ilinasa nyuso za waigizaji kwa kamera 32, ilhali miili ilinaswa mbali na nyuso hizo. Matokeo yake aghalabu ni kichwa kilicho hai juu ya kiwiliwili cha mgeni. Masahiro Mori aliwahi kueleza mwaka 1970, akizungumzia roboti, jinsi mfanano unaokaribia kutimia unavyogeuka kuwa kitisho.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si la macho. Katika Red Dead Redemption 2 (2018), Arthur Morgan huinama, hufungua mtoto wa meza, huokota. Kila tendo ni la kweli, na mchezaji hungoja likamilike. Mwili halisi hauwezi kugeuka papo hapo. Kidole kinataka ugeuke. Fanani wa ngano (ambaye hakuna aliyewahi kumdai arukeruke kama sungura) huiteka hadhira kwa sababu huiitikia nayo humwitikia. Mhusika asiyeitika, hata akitembea kama binadamu, humrudisha mchezaji kwenye kiti chake.

Lipo pia suala la haki, ambalo uhakiki hauwezi kulikwepa. Waigizaji wa michezo ya video wa chama cha SAG-AFTRA cha Marekani waligoma kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025 kwa sababu ya akili unde, na ulinzi wa wale wanaotoa mwendo tu, bila sauti wala sura, ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Mchezaji aliyezama husema, “Nimeruka.” Aliyeruka ni mwingine, na kadiri sanaa inavyofaulu ndivyo huyo mwingine anavyosahaulika.