Mtoto wa Mgongoni Ana Kosa Gani?

Mama alinivusha mto Ruvuma kutoka Msumbiji nikiwa mgongoni, vita vya kumng'oa Mreno vilipowaka mwaka 1964. Newala ndiko nilikochezwa unyago, ndiko nilikomzika mume wangu. Bado nikipeleka fomu za uraia naulizwa: uliingiaje nchini? Niliingia nimefungwa kanga, nanyonya!

Nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Na mama aliyekimbiza roho ya mwanawe, uovu wake uko wapi? Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876 kwa watumwa walioachwa huru, walioletwa na Askofu Steere kutoka Unguja. Leo nani anawahoji wajukuu wao? Wamakonde wenzetu wa Kenya waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016, rais akaagiza wapewe vitambulisho. Wenye mihuri, nasi tupeni tungali hai.