Je, Utu Unaanza kwa Mfanyakazi wa Kumi na Tano?

Vijana wenzangu, leo naomba tuvuke bahari hadi Marekani. Kuna kesi moja ya huko ambayo tangu niisome, mwaka wa mwisho wa falsafa, haijanitoka kichwani.

Dada mmoja alikuwa mhudumu katika mgahawa uitwao Moonlight Cafe, mjini New Orleans. Alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho akidai kwamba mmoja wa wamiliki alimnyanyasa kingono kazini. Kesi ikasikilizwa, jopo la raia likampa ushindi na fidia ya dola 40,000. Wiki mbili baada ya hukumu, mwajiri akaibuka na hoja mpya: eti mgahawa haukufikisha wafanyakazi 15, kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka tangu mwanzo. Wakaanza kubishana kama madereva wa kupeleka chakula wahesabiwe, kama wamiliki na wake zao wahesabiwe. Mwisho wake hukumu ikafutwa.

Kwa nini 15? Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayodai usawa mbele ya sheria, yanazibana serikali za majimbo, si watu binafsi. Mwenye hoteli aliyemfukuza mgeni kwa sababu ya rangi yake hakuguswa na kifungu hicho. Ilichukua hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndipo sheria ya nchi nzima ikamkataza waziwazi mwajiri binafsi kubagua kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa. Lakini si kila mwajiri. Mwanzoni walilengwa wakubwa tu, na mwaka 1972 kiwango kikashushwa hadi wafanyakazi 15. Chini ya hapo, sheria hiyo haikuhusu. (Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi bila kuhesabu vichwa.)

Sasa, ukosefu wa mamlaka si pingamizi la kawaida. Pingamizi jingine usipolitoa mapema, limekufa. Hili halifi. Hata ukikubali mwenyewe mwanzoni kwamba mahakama ina mamlaka, kama mwajiri huyu alivyokubali katika majibu yake, unaweza kuligeukia baada ya kushindwa. Ndiyo maana kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2006 majaji wote wanane walioisikiliza walikubaliana: ile 15 haigusi mamlaka ya mahakama. Ni sehemu ya madai yenyewe, jambo ambalo mdai anapaswa kulithibitisha na mdaiwa kulipinga kwa wakati wake. Aliyenyamaza hadi hukumu amechelewa. Dada yule akarudishiwa ushindi wake.

Wapo watakaosema huu ni ufundi wa mawakili tu. Mimi naona kuna swali la kimaadili ndani yake, nalo ni hili: mahakama inaposema "sheria hii haikufikii", imesema nini kuhusu kosa lenyewe?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila uovu. Inakataza ule mzito zaidi, hasa unaowadhuru wengine, ambao watu wengi wanaweza kujizuia nao. Kwa msingi huo naweza kuielewa ile namba. Mama mwenye kibanda na wasaidizi watatu akiburuzwa kwenye kesi ya shirikisho, gharama za wakili peke yake zitamfilisi, hata kama hana kosa. Bunge liliamua kumhurumia, na sioni ubaya katika huruma hiyo. Lakini Thoma hasemi kwamba uovu usiokatazwa umegeuka kuwa wema. Mhudumu wa kumi na nne ana mwili uleule na aibu ileile kama wa kumi na tano.

Nisingeandika haya kama yangeishia kwenye migahawa. Yanatugusa sisi. Mwaka 2012, katika kesi ya shule ya Kilutheri huko Michigan, mahakama hiyohiyo ilisema kanisa lina uhuru wa kuchagua wahudumu wake wa imani bila kuingiliwa na sheria za ubaguzi kazini. Mwaka 2020, kwa kura 7 dhidi ya 2, uhuru huo ukahusisha walimu wawili wa shule za Kikatoliki za Jimbo Kuu la Los Angeles. Mmoja alidai aliachishwa kazi baada ya kuwaambia kwamba ana saratani ya matiti. Shule ilisema sababu ni jinsi alivyoshindwa kusimamia darasa. Alifariki mwaka 2019, kabla uamuzi haujatoka.

Uamuzi huo naukubali. Serikali ikianza kumchagulia Kanisa mwalimu wa dini, tumekwisha. Ila angalieni kilichotokea: nani alikuwa mkweli, mwalimu au shule? Hakuna jopo lililosikiliza mashahidi na kuamua. Na katika uamuzi wa 2012 majaji walieleza kwamba uwezo wa kusikiliza kesi za namna hii mahakama inao. Kinga ya kanisa ni utetezi, na ukishakubaliwa madai yanaishia hapo. Wakatoliki walioshangilia wakisema "shule imesafishwa" walisoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo mzigo uko wapi? Naona umerudi kwetu. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata sheria za kazi za nchi kadiri ya mafundisho ya Kanisa, na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Ambapo jaji wa serikali anaishia, kanuni hiyo bado inafanya kazi. Shida ni kwamba kanuni haijisomi yenyewe. Inahitaji mtu wa kusikiliza, mwenye daftari, tarehe na muda wa kujibu. Wengi wenu mko kwenye kamati za parokia, na wengine mnaajiri tayari, hata kama ni binti mmoja wa dukani. Mpishi wa hosteli ya parokia akiachishwa kazi kesho, nani atamsikiliza ambaye si yuleyule aliyemwachisha? Kama jina halipo, hilo liwe agenda ya kwanza kikao kijacho.