Kuhesabu Siku na Kumtegemea Mwenyezi Mungu

Ndugu msomaji, huenda katika mtaa wako yumo bibi aliyeolewa mwaka wa pili huu na hajapata mtoto. Kila alfajiri, kabla hajainuka kitandani, hutia kipimo cha joto mdomoni, kisha huandika tarakimu katika daftari analolificha chini ya mto. Kwa nini alifiche? Kwa sababu amekwisha kuambiwa: "Mtoto ni riziki ya Mungu, wewe wahesabu nini?"

Natulipime neno hili kwa uadilifu. Kwamba mtoto ni riziki, hapana shaka. Sura ya Ash-Shura yatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya tasa. Lakini mpunga nao ni riziki, na mkulima mwenye imani hungojea mvua ndipo apande. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kutafuta sababu si kushindana na kadari. Sababu zenyewe zimo ndani ya kadari.

Wala kuhesabu si jambo geni kwetu. Mwanamke wa Kiislamu huhesabu siku za hedhi na za tohara kwa ajili ya sala, saumu na eda. Elimu ya tiba imeongeza haya: mwaka 1924 Daktari Ogino wa Japani alieleza kwamba yai hutoka baina ya siku 12 na 16 kabla ya hedhi ijayo. Basi mwenye mzunguko wa siku 28 hulitazamia karibu na siku ya 14, na mwenye siku 32 karibu na siku ya 18. Yai haliishi zaidi ya siku moja, bali mbegu ya mume yaweza kungoja hata siku 5. Kwa hiyo siku za matumaini ni kama 6: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe. Joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka, hivyo hueleza yaliyokwisha kupita. Ute mwepesi unaovutika ndio unaotangulia kutoa habari.

Sasa tufike kwenye uzito wa jambo. Daftari lile lisigeuzwe hati ya mashtaka. Ikipita miezi 12 bila mimba, au miezi 6 kwa mke aliyevuka miaka 35, waende kwa daktari wote wawili, kwani katika takriban nusu ya hali hizi upande wa mume nao una sababu yake. Mume anayekataa kupimwa, kisha akaoa mwingine na kumwachia wa kwanza jina la utasa, amehukumu bila ushahidi. Hiyo ni dhulma, hata kama mawifi wataishangilia.

Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa mzee na mkewe tasa. Katika Qur'ani twamsoma akimwomba Mola wake kwa sauti ya siri, na hatumsomi akimlaumu mkewe.

Basi ewe mume, daftari na litolewe chini ya mto. Lisomeni pamoja, fanyeni lililo juu yenu, kisha inueni mikono. Siku mwaweza kuzijua. Mtoto yu katika hazina ya Mwenyezi Mungu.