"Ni Qadar": Neno Hili Ni la Nani Kulisema?



Kuna neno ambalo sisi Waislamu hulitamka haraka kuliko mengine yote pindi likitokea jambo zito: "Ni qadar ya Allah." Ni neno la kweli. Kuamini qadar, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani, na hapa hatubishani juu ya hilo. Ninachouliza ni nani mwenye haki ya kulisema, na amwambie nani. Swali hili sikulipata darasani. Lilinijia wodini, nikiwa nimelala chali na mguu wa kulia umo ndani ya plasta kuanzia pajani hadi vidoleni.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilitoka chuoni Mbale narudi nyumbani, kaunti ya Busia upande wa Kenya. Tororo nikapanda boda boda kwenda Malaba. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya mpakani kama kawaida yake, kwa hiyo kijana akaiacha lami akashika barabara ya udongo ya upande wa Mella. Jua lilikwisha kuzama. Ndama alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu, naye kavuka barabara, kamba imekaa mkao wa mtego. Hatukuiona. Nilisikia mfupa wa muundi ukivunjika kabla sijasikia maumivu.

(Sisi watu wa mpakani ndio tuliowapa watu neno "boda boda". Lilianza na baiskeli, miaka ya 1960, zilizokuwa zikivusha watu na mizigo baina ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Baiskeli haikuwa na mwendo wa kuvunja mfupa wa muundi.)

Siku ya tatu alikuja mwenye pikipiki. Ni Mwislamu, mzee wa safu ya kwanza msikitini. Alileta mkate na sukari, akaniombea dua ndefu, nzuri, kisha akasema: "Mwanangu, hii ni qadar. Mshukuru Mungu umebaki hai." Nikaitikia amina. Alipotoka nilihisi kuna kitu changu amekichukua, ila sikuweza kukitaja ni kipi.

Kesho yake akaja kijana aliyenibeba, Mkristo wa Kiteso, mkono wake umefungwa shingoni. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Ile taa ya mbele nilijua haiwaki. Nilimwambia mwenye pikipiki, akasema nilete hesabu ya siku kwanza, taa baadaye." Akatoa shilingi 40,000 ambazo wenzake wa steji walimchangia aniletee. Nilimsamehe palepale, na ulinitoka msamaha mwepesi hata nikajishangaa.

Kwa nini huyu niliweza na yule nikashindwa? Mwanzo nilidhani ni nafsi yangu tu, kwamba yule mzee ana mali na huyu hana. Lakini niliporudi kwenye vitabu nikaona kuna jambo kubwa zaidi.

Mnaikumbuka hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim ya mjadala wa Adam na Musa (a.s.). Musa anamlaumu Adam kwa kututoa peponi, Adam anajibu kwamba anamlaumu kwa jambo lililoandikwa kabla hajaumbwa, na Mtume (s.a.w.) akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Watu wa jabr waliirukia hadithi hii: basi hakuna wa kulaumiwa! Ibn Taymiyya akawajibu kwamba Musa hakuwa akilalamikia dhambi, ambayo Adam alishaitubia. Alikuwa akilalamikia msiba uliowapata watoto wake, na kwenye msiba ndipo qadar inapotajwa. Ibn Abi al-Izz, mfafanuzi wa Aqida ya Tahawi, ameiweka wazi kanuni hiyo: qadar ni hoja mbele ya misiba, si mbele ya makosa.

Sasa tazama tukio langu. Ni moja, lakini lina pande mbili. Kwangu mimi mguu uliovunjika ni msiba, na mimi nikisema "ni qadar" nimefanya ibada, nimesubiri, nina ujira inshaAllah. Kwa aliyeitoa pikipiki barabarani usiku akijua haina taa, mguu uleule ni kosa. Akisema yeye "ni qadar" hajafanya subira yoyote, kwa sababu hakuna kilichompata cha kusubiria. Amelichukua neno la mgonjwa akajifunika nalo.

Sitarudia hapa hadithi ya kumfunga ngamia. Kila khatibu ameshatusomea. Naona ina faida zaidi kutazama mafaqihi wamefanya nini na ajali hasa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilipitisha azimio juu ya ajali za barabarani: dereva anadhaminishwa madhara aliyowafanyia watu katika miili na mali zao, na hasalimiki ila kwa nguvu isiyozuilika, au kitendo cha aliyeumia mwenyewe, au uchokozi wa mtu mwingine. Aliyetenda moja kwa moja, mubashir, anadhaminishwa hata kama hakukusudia. Aliyesababisha kwa mbali, mutasabbib, anadhaminishwa akiwa amevuka mipaka au amezembea. Hata mwenye mnyama aliyesababisha ajali ametajwa: akizembea kumchunga, analipa. Kwa hiyo mwenye ndama naye yumo. Na mzee wetu, aliyeambiwa habari ya taa, sioni atakavyotoka. Maulamaa wale wote wanaamini qadar kama anavyoiamini yeye.

Jambo lililonifungua macho lakini ni aya ya 92 ya Suratun-Nisaa, ya mauaji ya bahati mbaya. Watu wa marehemu wanapewa diya, isipokuwa wakiiacha, na kule kuiacha Qur'ani imekuita kutoa sadaka. Sadaka! Mtu hawezi kutoa sadaka kitu kisichokuwa chake. Kwanza haki ithibiti mikononi mwake, ndipo aitoe. Aliyeniambia "ni qadar" kabla deni halijatajwa aliniacha sina cha kusamehe. Hicho ndicho nilichohisi kimechukuliwa siku ile. Kijana wa Kiteso, kwa sentensi moja kuhusu taa, aliniwekea mkononi haki yangu, nami nikaitoa.

Wenzangu wa bweni waliniambia kudai ni udhaifu wa imani, na kwamba watu wa huku ni maskini, watatoa wapi? Sheria imeliona hilo kabla yetu. Diya ya kosa la bahati mbaya haikuachiwa mkosaji peke yake. Inabebwa na aqila, jamaa zake, wakigawana. Wahanafi wanategemea kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliipeleka kwa watu wa diwani, yaani walioandikwa pamoja katika daftari moja la kazi. Zile shilingi 40,000 za vijana wa steji zinafanana sana na aqila ya diwani, na waliozichanga hawajasoma fiqhi hata ukurasa mmoja. Mwenye umaskini ana mlango. Mzee ana pikipiki nne.

Mwenyezi Mungu (s.w.t.) husamehe haki zake apendavyo, lakini haki ya mja inamngoja mja. Mzee ni mtu wa umri, nami najua jinsi mauti yasivyofuata umri. Sitaki tukutane kwa jambo hili Siku ya Kiyama, yeye na tahajudi zake, mimi na mguu wangu.

Nimeandika hesabu kwenye karatasi moja: eksirei, plasta, dawa, magongo, nauli za mama za kuja na kurudi, ada ya muhula uliopotea. Mama anasema nisimpelekee, mzee wa watu atafedheheka. Mjomba anasema nimpelekee, tena mbele ya mashahidi wawili. Likizo hii nitapita kwake baada ya Alasiri, peke yangu. Kiasi nitakachosamehe nimeshakiamua, lakini nataka kwanza aisome.