Ni Nani Aitwaye Mjinga?

Katika mkesha wa Pasaka, makanisani mwetu Bukoba na Muleba, padre huchora juu ya mshumaa mkubwa msalaba, tarakimu za mwaka, na herufi mbili za Kiyunani: Alfa juu, Omega chini. Wengi wetu twazitambua kama picha, wala hatuzisomi. Hali kadhalika ile IHS iliyoshonwa juu ya vitambaa vya altare: ni mwanzo wa jina la Yesu kwa Kiyunani, na herufi ya katikati si "h" hata kidogo, bali ni "e" ndefu.

Kwa kuwa Injili zote nne ziliandikwa kwa lugha hiyo, tuliona yafaa tujifunze walau kuziandika herufi zake. Ni 24 tu. Sisi tulio na mazoea ya kalamu tulidhani ni kazi ya jioni mbili. Loo! Zile zifananazo na zetu ndizo zilizotuponza: P yao ni "r", X yao ni "kh". Sigma ina sura moja katikati ya neno na nyingine mwishoni. Ama ile iitwayo ksi, ξ, mkono ulikataa kabisa, ukurasa mzima ukawa kama umetambaliwa na minyoo. Twakiri kwamba mtoto wa nyumbani alipopita, tulilifunika daftari.

Aibu ile ilitoka wapi? Akili zetu zilikuwa zile zile za jana. Lakini katika nchi yetu asiyejua kusoma tumemwita mjinga, na kumfundisha tumekuita kufuta ujinga. Kati ya 1968 na 1972, UNESCO ilipoendesha mradi wake wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa, mkoa wetu ukiwa bado waitwa Ziwa Magharibi, walioketi madarasani walikuwa wakulima wawezao kuitambua ndizi ya kupika na ya pombe kwa kuutazama mgomba tu. Hao ndio waliohesabiwa wajinga. Na hali zamani watu wa pwani walimwita mjinga hata mgeni aliyefika punde, asiyezijua bado desturi za mji; ugeni huo haukuwa kosa lake.

Wako watakaosema kwamba twalinganisha visivyolingana: asiyejua Kiyunani hapungukiwi kitu, bali asiyejua kusoma hupunjwa kwenye mizani ya kahawa, na hutia dole gumba kwenye hati ya shamba asiyoielewa. Ni kweli, wala hatutaki kulipunguza neno hilo. Ndiyo sababu yatupasa kuuliza ni wangapi waliokaa mbali na darasa, si kwa uvivu, bali kwa kuliogopa jina wangaliloitwa mlangoni. Yule mama anayelifunika daftari kwa kanga yake jirani apitapo, tulikuwa tukimcheka.